Sauti ya Baba Ndani ya Mafuta ya Mawese

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wenye pembe, naogopa daktari akinyamaza wakati anasoma majibu. Wanaonijua hapa Kasulu wanalijua hilo, na wanaonitania waendelee tu, nimeshazoea. Lakini katika uoga wangu wote sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa sindano moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, iliyokuwa ishuke juu ya sauti ya baba yangu.

Baba sikumjua. Siku za mauaji walikuja kumchukua shuleni alikokuwa akifundisha, huko ng'ambo Burundi, mimi nikiwa bado tumboni, na hakurudi. Mama alikimbia na kaka yangu mgongoni, na kati ya tumbo na kitenge akaikaza santuri moja. Ndivyo tulivyovuka mto Malagarasi. Wengine walikimbia na sufuria, mama anasema, wengine na godoro, na kuna mwanamke alikimbia na mlango wa nyumba yake kichwani. Yeye alichukua santuri kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mume wake ndani.

Walimu wa shule ile walikuwa na kwaya. Siku moja alikuja mmisionari na mashine ya kunasa sauti, wakaimba, na baada ya muda mrefu zikaletwa santuri kutoka Ulaya, kila mwimbaji akapewa yake. Upande wa pili kuna ubeti ambao baba anauimba peke yake. Mama aliusikia mara chache kwenye gramafoni ya misheni, baba akiwa amesimama pembeni anaona haya. Tangu walipovuka hakuusikia tena, maana gramafoni angeitoa wapi? Na picha ya baba hatuna hata moja. Ubeti ule ndio baba yetu wote.

Sasa mwaka jana sikio la kushoto la mama likaziba. Daktari akasema ni uzee, na la kulia nalo liko njiani. Kaka, anayeishi na mama Kibondo, akanipigia simu, akamshikishia mama kwenye lile sikio zima.

"Mwana wanje, mwanangu," mama akasema, "nataka kumsikia baba yenu kabla sijaziba. Nikishamsikia, nitaganduka."

Kuganduka, kwa wasio wa kwetu, ni kuumaliza msiba. Mtu akifa mnakaa matanga, mnaondoa yale ya kwanza, halafu baada ya muda mnakutana tena, mnakula, mnasema maneno, na mfiwa anaruhusiwa kuishi kama watu wengine. Mama hakuwahi. Angeganduka vipi na maiti hakuiona, kaburi hakulichimba? Ndiyo maana sisi watoto wake hatujawahi kumwona akicheza. Kwenye harusi ya kaka alikaa kwenye kiti na mikono mapajani, na kwenye yangu vilevile, watu wakidhani ni kiburi. Alikuwa matangani, na sisi tulikulia humo humo bila kujua kwamba nyumba za wenzetu haziko hivyo.

Nikamuuliza kaka, tutafanyaje? Akasema, "Wewe si una kompyuta?"

Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi. Kwa ukoo wetu hiyo inatosha. Simu ikizima naulizwa mimi, jenereta isipowaka naulizwa mimi, na mjomba mmoja aliwahi kuniletea saa ya ukutani. Nikajibu "sawa, nitaangalia," lile jibu la mtu anayetaka kukata simu akalie.

Gramafoni niliipata kwa fundi redio mmoja, Mkongo aliyeoa hapa mjini, mtu mwenye maneno mengi kuliko nyaya. Yeye huiita platine. "Mama, hii platine iko muzuri sana," akaniambia huku akiipuliza vumbi, "inaimba kama ndege." Nikamuuliza kama aliwahi kuiunganisha na kompyuta. Akasema, "Waya ni waya, mama." Jibu hilo lilinitia baridi, na ningekuwa na fundi mwingine ningeondoka pale pale.

Kompyuta yangu ni hizi za siku hizi, nyembamba, zilizonyang'anywa matundu. Ina tundu moja la mviringo la hedifoni na mawili ya USB, basi. Gramafoni ile inatoa nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, na wa tatu mwembamba, uchi mwishoni, ambao hakuna kati yetu aliyejua kazi yake. Fundi akatafuta kiunganishi, tukachomeka kwenye tundu la hedifoni, akaweka santuri yake mwenyewe ya dansi la Kikongo. Kwenye kioo ule mstari wa sauti ukalala chali. Tukaongeza mpaka mwisho. Ndipo tukasikia mngurumo, nguuuu, kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili, na nyuma yake, mbali kabisa, magitaa yakilia kwa unyonge.

"Sauti iko mudogo," fundi akasema. "Tutapitisha kwenye amplifaya."

Kabla sijaelewa, alikuwa ameshachomoa nyaya za spika kubwa nyuma ya amplifaya lake na anazielekeza kwenye kompyuta yangu. Nikamdaka mkono.

"Fundi! Humo mna mitihani ya shule na picha za harusi za watu!"

"Mama, uko na woga."

"Ndiyo, ninao! Toa mkono!"

Akatoa mkono, akanicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona baba akiunguzwa na umeme kabla hata sijakutana naye.

Basi nikaanza kusoma kwenye simu, kidogo kidogo, kati ya mteja na mteja. Nikajifunza kwamba sauti inayotoka kwenye sindano ni hafifu mno, tena imepindishwa makusudi ili ienee kwenye santuri, na kati ya gramafoni na kompyuta lazima pakae kikasha cha kuikuza na kuinyoosha, kisha kiingie kwa USB. Kikasha kikaagizwa Dar es Salaam, kikaja kwa basi kimefungwa kwenye boksi la biskuti. Nyuma kina skrubu ndogo. Waya ule wa tatu, ule uchi, tulipoufunga kwenye skrubu hiyo, mngurumo ukakatika kana kwamba kuna mtu kazibwa mdomo. Fundi akapiga makofi. "Si nilikuambia? Waya ni waya!"

Tukalinasa lile dansi la Kikongo, safi kabisa, likasikika mpaka stendi. Wauza ndizi wakacheza mlangoni kwangu. Kila mtu alifurahi, na mimi nikaanza kuogopa upya, kwa sababu sasa sikuwa na kisingizio tena. Halafu katika kusoma kwangu nilikuwa nimekutana na jambo ambalo sikumwambia mtu: sindano iliyochakaa hukwangua santuri inapopita. Sauti unaipata, lakini unaila. Sindano ya fundi ilikuwa na umri gani? Hata yeye hakujua, na nyingine hatukuipata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilishtuka kabla ya kuumwa.

Nikapiga simu Kibondo nimsihi mama asubiri mpaka tupate sindano mpya. Kaka akaniambia mama ameshaalika watu. Wanatoka Nyabibuye, wanatoka Kagerankanda, Jumamosi anaganduka.

"Ameshaalika kabla hatujaipata sauti?"

"Mwambie wewe," kaka akasema. Hakuna anayemwambia mama kitu.

Ijumaa asubuhi tukaondoka Kasulu kwa gari la kukodi, fundi mbele akiongea na dereva, mimi nyuma nimepakata gramafoni kama mgonjwa. Kila tuta la barabarani lilinipiga tumboni. Tulipopita Makere fundi akataka tusimame anunue mahindi ya kuchoma, nikamwambia akishuka tunamwacha, na nilimaanisha.

Nyumbani kwa mama tulikuta maharage yanachambuliwa uani na kuku wamefungwa miguu. Mama alikuwa amevaa vizuri. Akatupokea, akatuuliza habari za njiani, akatulazimisha tunywe uji kwanza, mambo ya kistaarabu yote. Kisha akaingia chumbani kuitoa santuri.

Lazima niseme hapa kwamba kwa miaka yote ile hatukuwahi kuigusa. Ilikaa chini ya godoro lake imefungwa kitenge ndani ya kitenge, na tulijua ni marufuku. Kwa hiyo mama alipoanza kufungua, kaka na mimi tulisogea pamoja kama watoto. Harufu ndiyo iliyotufikia kwanza. Mawese.

Santuri ilikuwa nyekundu. Si nyeusi. Ilikuwa na gamba la mafuta yaliyoganda, ya hudhurungi, yamenasa vumbi na nyuzi za vitenge, na mistari yake ungeitafuta kwa tochi.

"Mama," nikasema, "hii imefanywa nini?"

"Nimeitunza."

"Kwa mawese?"

"Ulitaka kwa nini, kwa samli? Nilikuwa na ng'ombe mimi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Kila kiangazi naipaka. Ngoma isipopakwa mafuta hupasuka. Mtoto asipopakwa mafuta hupasuka. Wewe huoni ngozi uliyo nayo mpaka leo?"

Ilikuwa kweli. Kiangazi cha kwanza upande huu wa mto aliiona imeanza ufa mdogo pembeni, akafanya alichojua kufanya na kitu chochote alichokipenda. Alikuwa na njaa, ana mtoto mgongoni na mimi kichanga, na mafuta kidogo aliyoyapata akampaka mumewe.

Fundi akainama, akainusa, akasema polepole, "Mama muzee, umeikaanga."

Nikakaa juu ya gunia la maharage. Fundi akasema hakuna shida, tutafute petroli, petroli inakata mafuta yote.

"Itamkata na baba!" nikamfokea. "Hakuna petroli hapa! Asisogee mtu!"

"Sasa unataka nini?" kaka akauliza.

Nilitaka kurudi Kasulu, nilale, niamke niambiwe ilikuwa ndoto. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, pamba laini, na ile karatasi ya katikati isiguswe. Nikanyoosha mkono niichukue santuri. Mama akauondoa mkono wangu.

"Nitamwogesha mwenyewe," akasema.

Akakaa kwenye kigoda, beseni katikati ya miguu, akaishika santuri kwa kiganja kimoja chini, kama anavyoogesha kichanga, na kwa mkono mwingine akaanza kuzungusha pamba. Alifuata mistari bila kuambiwa. Maji yakawa mekundu, akabadilishiwa, yakawa mekundu tena. Mimi nilisimama juu yake nikilia "mama karatasi, mama karatasi," mpaka akaniambia kama siwezi kunyamaza niende nikachambue maharage. Yale maji hakukubali yamwagwe njiani panapokanyagwa na watu. Aliyapeleka mwenyewe kwenye migomba.

Weusi ukaanza kutokea. Santuri ilipokauka kivulini ilikuwa bado na ukungu wa mafuta mahali mahali, na ufa ule wa pembeni ulionekana wazi, mfupi kama ukucha. Fundi aliupima kwa jicho. "Inaweza kupita," akasema. Mara hiyo hakucheka, na kutocheka kwake kukanitisha zaidi.

Tukapanga vitu mezani sebuleni. Gramafoni kwenye umeme wa ukutani, kikasha, kompyuta ikitumia betri yake, na spika ndogo ya fundi, ya betri, upande wa sikio zima la mama. Nikabonyeza kurekodi. Nikazima, nikabonyeza tena, nikahakikisha namba zinatembea. Kaka akasema "mdogo wangu, tutaganduka lini?" nikamwambia afunge mdomo.

"Fundi, shusha sindano," nikasema.

"Hapana," mama akasema. "Wewe. Yeye si mtoto wake."

Niliushika ule mkono wa gramafoni kwa vidole viwili, nikaushusha upande wa kwanza, na kilichotoka kilikuwa mlio wa chumvi iliyotupwa motoni. Sindano iliruka, ikateleza, ikaruka. Mbali ndani mlikuwa na watu wanaimba, kama watu waliofungiwa ghalani, na hatukupata neno hata moja. Fundi akanyanyua. Sindano ilikuwa imevaa kitonge cha mafuta. Akaifuta kwa brashi, pole pole, akisali kwa Kifaransa.

Nikasema tuoshe tena, turudie. Mama akakataa. "Tusiimalizie sindano kwa wengine. Geuza."

Nikageuza. Nikashusha. Chumvi ikalia motoni, halafu, Mungu wangu, zikaja sauti. Wanaume wengi, pamoja, Kirundi cha kanisani cha zamani. Tulisimama hatupumui. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwenye spika, macho amefumba. Kisha akainua kidole.

"Sasa," akasema.

Wengine wakanyamaza, na mtu mmoja akaimba.

Kaka alikuwa ametuambia maisha yetu yote kwamba baba alikuwa na sauti nene, sauti ya ngoma. Alikuwa anaikumbuka, alisema, na mimi nilimwonea wivu kwa hilo tangu utotoni. Sauti hii ilikuwa nyembamba, ya juu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Kaka akakaa chini sakafuni. Lakini mimi hata sauti haikuniumiza kama pumzi. Kabla ya kila mstari baba alivuta pumzi, kwa pua, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Nilijua kwamba marehemu wana majina na wana tarehe. Sikujua kwamba wanapumua. Na pumzi ile ilikuwa yangu, ndivyo navyovuta mimi nikiwa na hofu, nilikuwa naivuta hivyo hivyo wakati ule ule nimesimama pale mezani.

Ndipo umeme ukakatika.

Feni ya dirishani ilinyamaza, na sahani ya gramafoni ikaanza kupunguza mwendo. Sauti ya baba ikashuka. Ikawa nzito, ikawa ndefu, ikawa mgumio wa mtu anayekabwa, ikashuka chini, chini, mpaka ikaisha katikati ya neno.

Mama alisimama wima. "Baramutwaye!" akapiga kelele. Wamemchukua! "Baramutwaye!" Alikuwa ameshika kichwa, na hakuwa Kibondo, alikuwa kule, siku ile, na mimi sijawahi kumsikia mama akipiga kelele kabla ya hapo wala baada yake. Fundi akanyoosha mkono anyanyue sindano. Nikamwambia "usiguse!" kwa sauti ambayo mpaka leo ananikumbusha. Angeinyanyua, tungeirudisha wapi? Ingetua kwenye ufa, ingechora. Kompyuta ilikuwa bado inarekodi kimya, namba zinatembea, mstari umelala. Kaka akamkumbatia mama kwa nguvu. Tukasimama hivyo, wanne, tukitazama sindano imekaa juu ya baba.

Umeme wa kwetu ukikatika unaweza kurudi sasa hivi au kesho kutwa. Niliomba kwa kila jina la Mungu nililofundishwa. Ukarudi. Sahani ikajivuta, mgumio ukaanza tena chini kabisa, ukapanda, ukawa mzito, ukawa wa mtu, ukawa wake, akamalizia lile neno alilokatwa. Akavuta pumzi. Akaimba mstari wa mwisho. Kwaya ikampokea.

Ilipoisha niliinyanyua sindano mwenyewe. Kwenye ncha yake palikuwa na uzi mweusi, mwembamba kama nywele, umejisokota. Si mafuta. Ilikuwa santuri yenyewe. Nikamwonyesha fundi, akatikisa kichwa.

"Tuirudie hata hivyo," akasema taratibu. "Hii iko na shimo katikati."

"Oya, hapana," mama akasema, ameshakaa, anajifuta uso kwa upande wa kitenge. "Mmemsumbua vya kutosha."

Nikaihifadhi sauti kwenye kompyuta. Nikaiweka kwenye simu. Nikaiweka na kwenye flashi, nikaifunga kwa uzi shingoni. Fundi akaniuliza kama ninaogopa wezi. Nikamwambia naogopa kila kitu.

Jumamosi watu wakaja, ua ukajaa. Mchungaji akasali, tukala maharage na kuku, wazee wakauliza kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyejibu kwa sababu waliokuwa wakimjua walikuwa wachache mno. Kisha nikaiweka kompyuta kwenye kiti, fundi akaunganisha spika za kanisa, na baba akaimba mbele za watu. Ilipofika pale anaposhuka, kina mama wakaguta. Alipopanda tena, mama yangu akasimama, akanyoosha mikono yote miwili kama pembe za ng'ombe, namna wanavyocheza kwao, akacheza. Mguu ulikuwa mzito na hakwenda mbali, lakini alicheza. Niliona aibu kumtazama, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha.

Alipomaliza akamwambia kaka achukue jembe. Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, likachimbwa shimo dogo. Mama akaifunga santuri kwenye kitenge kipya, akaishusha kwa mikono yake, tukafukia, tukaimba. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani mazishi huchukua. Halafu akanigeukia.

"Na aliyemo kwenye kompyuta?"

Sikuelewa. Au nilielewa.

"Mtoe," akasema. "Mtu hazikwi nusu. Na kwenye simu. Na hicho ulichovaa shingoni."

Watu wote walikuwa wananitazama. Hakuna anayemwambia mama kitu. Nikaifungua kompyuta pale pale, juu ya goti, nikalitafuta faili, nikaweka kidole. Alikuwa kamstari tu kwenye kioo, kamstari kenye jina "baba". Nikibonyeza, basi. Kidole kikakataa. Nikaurudisha mkono, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, mbele ya ukoo.

"Mama, siwezi," nikasema. "Wewe uliishi naye. Kaka alibebwa naye. Mimi nimempata jana."

Nilisubiri ghadhabu yake. Akanisogelea mpaka sikio lake zima likawa karibu na mdomo wangu, kama anayetaka kusikia navyopumua. Kisha akaifunga kompyuta, taratibu, bila kufuta kitu.

"Yoo, mwana wanje," akasema. "Mimi nimemaliza. Wewe ndiyo kwanza umefiwa."

Akaagiza mkeka, ukatandikwa, akanikalisha juu yake mahali anapokaa mfiwa. Na wale watu waliokuwa wametoka mbali kuja kuondoa msiba wakapanga mstari, wakaanza kunijia mmoja mmoja, wakinishika mkono na kuniambia pole.